Hongera Aliyopewa Mama

Mama hapigi simu ovyo. Kwake simu ni chombo cha msiba na shida. Salamu zinaweza kungoja mpaka watu waonane. Kwa hiyo siku aliponipigia nikiwa sokoni Kibondo, mikono imejaa mawese, nilibonyeza kwa kiwiko na kuinamisha sikio juu ya meza. Hakunisalimu. Alisema, "Njoo. Tunahamishwa."

Neno hilo kwetu si dogo. Mama alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto wa kushikwa mkono, na tangu hapo alihamishwa mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka: toka hapa, nenda pale, pangeni mstari, subirini. Uraia aliupata nywele zimeshaanza kuwa nyeupe. Shamba la Kitanga, lenye migomba, maharage na mihogo, baba yangu alilinunua kipande kwa kipande kwa kuuza kila alichoweza kuuza. Baba tulimzika humo. Na mwaka uliopita tukamzika humo mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, pembeni ya baba yake.

Nilijua bila kuuliza ni nani anayetuhamisha. Mdogo wangu alikuwa amekopa pikipiki kwa ajili ya bodaboda, mkopo wa zile taasisi ambazo watu wenyewe wamezibatiza kausha damu. Mdhamini alikuwa mama, na dhamana ilikuwa shamba. Sikupenda jambo lile tangu mwanzo na nilisema, maana mimi mdomo wangu haujawahi kunisaidia kukaa kimya. Mdogo wangu alicheka, akaniambia dada, wewe ungekuwa benki nchi nzima ingetembea kwa miguu. Nikacheka na mimi. Na kweli alilipa. Marejesho yake yote aliyapeleka Kasulu mwenyewe, siku ya rejesho akiwa amevaa shati safi kama mtu anayekwenda kanisani.

Kisha zikaja mvua, na ule mteremko wa barabara ya Kibondo, na gunia la maharage la mteja alilokuwa amelifunga nyuma. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga. Sisi tulipata matanga kabla hata ya kumaliza kulipa.

Nilishuka Kitanga jioni nikamkuta mama amemaliza kufunga vyombo. Mkeka ulikuwa umekunjwa na kufungwa kamba. Masufuria yalikuwa yameingizwa moja ndani ya jingine, yakavikwa kitenge. Jembe alikuwa ameling'oa mpini, chuma kimelazwa juu ya mzigo. Nilipouliza mpini uko wapi aliniambia mtu anayekimbia hubeba chuma tu, mpini atauchonga huko aendako. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekueleza jinsi ya kupika kisamvu.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Sijui. Anayehamishwa huwa hajui."

Nikakaa chini nikalia. Sikulia kwa ajili ya deni. Nililia kwa kuona mzigo ule ulivyofungwa vizuri. Mikono yake haikuwa imesahau kitu.

Alinieleza. Asubuhi ile alikuja yule kijana wa marejesho kutoka Kasulu, na karatasi yenye mhuri wa dalali: deni lote lilipwe katika wiki mbili, ama sivyo shamba liuzwe. Alilipima shamba kwa hatua, akipita kati ya migomba. Alipita pembeni kabisa ya mdogo wangu. Hakujua, maana msalaba wa mti ulikuwa umeliwa na mchwa na majani yalikuwa yameshaota juu ya tuta.

"Hukumwambia kwamba yule amelala pale?"

Mama aliniangalia kwa hasira ambayo sikuwa nimeiona tangu nikiwa mdogo.

"Nimwambie mara ngapi? Mtu yule si mtu. Alipiga simu ya mdogo wako, nikapokea mimi. Akasema, yuko wapi? Nikamwambia, mwanangu, aliitwa na Mungu, akaitika. Unajua alinijibu nini? Alisema, hongera sana, mama."

"Alisema nini?"

"Hongera. Hongera sana, mama, ni jambo jema. Ila mwambie asisahau marejesho." Akakaza kamba ya mkeka. "Nimwambie vipi? Nichimbe nimwonyeshe?"

Simu ya mdogo wangu ilikuwa imepona katika ajali ile, na mama alikuwa akiipeleka kwa jirani kuchaji, eti marafiki zake wasije wakapiga wakakosa wa kupokea. Kumbe miezi yote ile, katikati ya marafiki, alikuwa akipokea na huyu wa marejesho. Na kila akipiga alimuuliza habari za mwanawe kwa uchangamfu. Anaendeleaje huko aliko? Mwambie Mungu hapendi madeni. Mwishowe mama akawa anaiacha simu inalia mpaka inachoka. Hakumwambia mtu yeyote. Alisema aliona aibu kurudia maneno yale.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa natunga matusi. Mimi ni mama wa watoto watatu, mwanakwaya, lakini kufikia alfajiri nilikuwa na matusi ya kumtosha kijana yule na ukoo wake mzima.

Ofisi yao Kasulu ni chumba kimoja chenye meza mbili, feni na kalenda. Alikuwa peke yake. Kijana wa Tanga, shati limechomekwa, Kiswahili chake kimenyooka kama mstari wa rula. Alisimama tulipoingia. "Shikamoo, mama," akamwambia mama yangu, akavuta kiti akakifuta kwa kiganja. Mama hakuitikia shikamoo. Kwa mtu wa umri wake hilo si jambo dogo. Alikaa akatazama ukuta.

"Dada, karibu," akaniambia mimi. "Nafurahi mmekuja. Mama huwa hapokei simu, na mdaiwa mwenyewe ndiyo hivyo, hapatikani."

Basi. Matusi yote niliyokuwa nimeyapanga yakanipotea, likabaki moja tu. Nikamwambia, "Wewe ulimpa mama yangu hongera ya msiba. Nani aliyekuzaa?"

"Msiba gani, dada?"

"Usijifanye mtoto. Alikwambia mwanawe aliitwa akaitika. Ukasema hongera."

Alinitazama, akamtazama mama, kisha nikaona rangi ikimtoka usoni. Alikaa.

"Mimi nilijua amekuwa mchungaji," akasema.

Sikumwelewa mara moja. Akajieleza, akitafuta maneno, yeye mwenye Kiswahili kile chote. Mji huu, akasema, kila mara kuna mkutano wa injili uwanjani, na vijana wanaacha kazi wanasema wameitwa. Alikuwa na wadaiwa wengine wawili walioitwa namna hiyo. Mmoja ana kanisa la mabati, mwingine yuko Katavi anaponya watu. Kwa hiyo mama mtu mzima alipomwambia mwanangu kaitwa na Mungu kaitika, alidhani ni wa tatu. Na kwao mtu akipata wito mzazi wake hupewa hongera.

Hapo ndipo nilipomwelewa, na ningependa nisingemwelewa, maana hasira ilikuwa inanishikilia vizuri. Nyumbani tunasema Kirundi. Na kwa Kirundi cha mama, mtu unayempenda hafi. Mbuzi hufa, kuku hufa, adui labda. Mtu wako tunasema *yitavye Imana*: Mungu alimwita naye akaitika, kama mtoto anavyoitika akiitwa na mzazi. Mama alikuwa amelichukua neno hilo akalivika nguo ya Kiswahili, akaamini limefika. Kijana wa Tanga alilipokea kwa nguo ile ile akaliweka mahali pengine kabisa. Wote wawili walikuwa wamesema kwa adabu.

Nilimfasiria mama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa Kirundi, "Kwa hiyo yeye alidhani mwanangu yuko mahali anahubiri?"

"Ego, mama," nikamjibu. Ndiyo.

"Miezi yote hii?"

"Ego."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani analia, lakini hakuwa analia. Baadaye sana aliniambia kwamba katika dakika ile alimwonea wivu kijana yule. Kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye kwake mwanawe alikuwa bado anatembea, ana suti na Biblia, na yeye mama alikuwa amekuja kumharibia.

Yule kijana aliondoka mezani, akaja mbele ya mama, akachuchumaa. "Pole, mama. Pole sana. Nisamehe." Mama alimpa mkono. Ndipo na shikamoo akaiitikia, imechelewa, "Marahaba," na mimi nikalazimika kutazama kalenda.

Lakini deni halichuchumai. Aliporudi kwenye kiti chake alivuta pumzi akasema jambo ambalo naona hata yeye lilimuuma. Mkopo ule ulikuwa na bima. Mkopaji akifa, bima hulipa kilichobaki, ila taarifa ifike ofisini mapema, na muda wenyewe ulikuwa umepita. Simu ya kwanza, ile ya hongera, ilikuwa ndani ya muda.

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, ila feni ilikuwa inavuma na sauti yangu ilikuwa juu yake. Aliniacha mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Dada, bima siwezi kuirudisha. Faini naweza kuzifuta, zote za tangu siku ya msiba. Na mnada naweza kuusimamisha. Tupange marejesho mapya, ya kiasi mnachokiweza. Niambie mnaweza kiasi gani."

Swali hilo hakuna mtu aliyewahi kutuuliza. Siku zote deni huja limeshapikwa.

Alianza na laki moja na nusu kwa mwezi. Nikamwambia kaka, laki moja na nusu naijua kwa sura tu, hatujawahi kuzoeana. Akatabasamu kidogo, akashuka. Nami nikapanda kidogo. Tulivutana kama sokoni, ila sokoni ukishindwa unaondoka. Nilimweleza jinsi tunavyoishi. Mama anavuna maharage mara mbili kwa mwaka, na katikati hakuna fedha, kuna chakula tu. Mimi nauza mawese na dagaa. Mwezi mzuri upo, mwezi mbaya ndio mwingi. Alitaka tarehe moja ya kila mwezi kwa kiasi kile kile. Nikamwambia maharage hayana kalenda kama hii yake ya ukutani, na mimi sitaahidi kwa karatasi kitu ambacho mvua haijaniahidi. Watu wengi wameuziwa mashamba kwa sababu ya kuona haya, wakakubali kiasi kikubwa ili wasionekane maskini mbele ya mtu mwenye kalamu. Mimi siku ile niliamua kuonekana maskini kabisa.

Tukafika hapa: elfu arobaini kila mwezi, zitoke kwenye meza yangu ya Kibondo, na kila mavuno ya maharage mama aongeze laki mbili. Shamba libaki. Ingechukua muda mrefu, watoto wangu wangekuwa wakubwa, lakini ni mzigo ambao mtu anaweza kuubeba huku anatembea. Nilimwuliza mama kama ameridhika. Alisema ameridhika.

"Limebaki jambo moja," kijana akasema, akavuta karatasi. "Ili faini zifutwe, makao makuu wanataka maelezo ya mdhamini kwa kinywa chake mwenyewe. Barua ya mtendaji wa kijiji mtaniletea baadaye, na cheti mkafuatilie. Lakini leo niandike maneno ya mama." Akageuka kwake, kwa upole. "Mama, mkopaji yuko wapi?"

"Aliitwa na Mungu," mama akasema.

Kijana akaweka kalamu chini. "Mama, mimi sasa nimekuelewa. Lakini nikiandika aliitwa, wale wataniuliza aliitwa wapi."

"Hatunaye."

"Mama, wadaiwa wote hatunao."

"Ametangulia."

"Kwenda wapi, mama? Wataniuliza hivyo hivyo."

Nikamwinamia nikamnong'oneza aseme amefariki, ni neno la heshima, la redioni. Alitikisa kichwa. Kwake kufariki ni kufa kule kule, tofauti ni kwamba kumevaa koti. Nikamwambia kijana, niandike mimi, mimi ni dada yake wa tumbo moja, nitasema, nitasaini, nitaweka vidole vyote kumi. Akasema ingekuwa juu yake angekubali. Ila mdhamini si mimi. Nikaanza kugomba tena. Nikamwambia mnataka nini zaidi, mmekausha damu, sasa mnataka na mate? Yeye anatazama meza, na mimi nazidi kupanda, maana nilikuwa nimeshamwona mama akishika ukingo wa kiti.

Mkono wake ulinigusa gotini. Nikanyamaza.

Tangu siku ya ajali sikuwahi kumsikia mama akilisema neno lile la kufa. Waliomletea habari hawakulisema. Walimwambia tu vaa twende. Kaburini mchungaji alisema amelala, amepumzika, amekwenda nyumbani. Mama alipopanga maharage ya kupanda msimu ule alisema haya ni ya mdogo wako, anapenda ya njano. Anapenda. Nilikuwa nimezoea, na kusema kweli nilikuwa nikipenda kumsikia.

"Andika," mama akamwambia kijana. Kiswahili chake kilitoka safi, hakikuwa na Kirundi hata kidogo. "Mwanangu amekufa."

Kijana aliandika. Aliandika polepole, kwa mwandiko wake mzuri. Alipomaliza alimsomea, kama taratibu inavyotaka, kwa hiyo mama akalisikia mara ya pili kwa sauti ya mtu mwingine. Kisha akamletea kidau cha wino. Mama anajua kuandika jina lake, alijifunza kwenye elimu ya watu wazima na hujivunia, lakini siku ile alinyoosha dole gumba tu.

Nje jua lilikuwa kali. Nilimnunulia soda, akanywa kidogo akanirudishia. Njiani kote nilizungumza mimi: nitapanga fedha hivi, nitapunguza hiki, tukifika tufungue ule mzigo. Nilikuwa na furaha, naona aibu kusema lakini nilikuwa nayo. Tulikuwa tumekwenda kwa mtu wa deni tukarudi na shamba. Ni wangapi hurudi nalo? Mama aliitikia, "Mm," na tena, "Mm."

Tulipofika nyumbani hakuingia ndani. Alivua viatu mlangoni, akapita moja kwa moja kwenye migomba, akaketi chini pale penye majani, kitenge kizuri cha safari kikiwa bado mwilini. Nilibaki mlangoni na karatasi ya marejesho mkononi. Sikumfuata, na yeye hakutaka nimfuate. Lakini shamba letu si kubwa, na jioni Kitanga sauti husafiri.

Alimsalimu kwanza, kwa Kirundi. Akamwambia shamba limebaki, wala hakuna atakayemgusa pale alipo. Akamwambia mimi nimegombana na watu mjini kama kawaida yangu. Kisha akasema, *umbabarire, mwana wanje*, unisamehe, mwanangu, akawa ananyofoa majani moja moja juu ya tuta. Ndipo nikamsikia akianza kumweleza mwanawe, taratibu, kama unavyomweleza mtoto jambo ambalo hutaki limshtue, kwamba amekufa.